Mashine Inayokumbuka: Bamburi, Rilei na Kuzaliwa kwa Mashine za Hali

Abiria wa Kisauni akisema "nishushe Mtambo," kondakta haulizi mtambo upi. Ni kiwanda cha saruji cha Bamburi, kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, kilichokuwapo kabla ya wengi wanaopita hapo leo kuzaliwa. Kampuni iliyokijenga iliundwa mwaka 1951 na Dkt. Felix Mandl, mmoja wa wabia wa Cementia Holding ya Zurich, Uswisi. Tanuri la kwanza lilianza kazi mwaka 1954, likiwa na uwezo wa kutoa tani 140,000 za saruji kwa mwaka. Malighafi ilikuwa pale pale chini ya miguu: mwamba wa matumbawe ya kale, uliojengeka zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa.

Historia ya Bamburi inayosimuliwa sana ni ya yale yaliyofuata baada ya mwamba huo kuchimbwa. Mwaka 1971 Mswisi Rene Haller, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kiwanda, alianza kuotesha miti kwenye timbo lililobaki tupu kama uwanja wa jiwe. Alijaribu miti ya aina 26, zikastahimili 3 tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Kutokana na mvinje na jongoo waliokula majani yake makavu ukapatikana udongo, na kutokana na udongo ukapatikana msitu ambao leo watoto wa shule hupelekwa kuona kiboko na twiga. Ni hadithi nzuri, nayo inastahili kila mgeni anayeisikiliza.

Ipo nyingine isiyo na twiga. Inahusu makabati ya chuma yaliyojaa nyaya, ambayo kila kiwanda cha aina hii kilikuwa nayo, na swali ambalo makabati hayo yaliwekwa kulijibu: mtambo mkubwa kiasi hiki unajuaje la kufanya sasa, ikiwa jambo hilo linategemea yale uliyokwisha kuyafanya? Jibu la swali hilo lilipatikana kwa ukamilifu miaka ile ile Bamburi ilipokuwa ikijengwa, na juu yake zimesimama kompyuta, simu na mita za umeme tunazotumia leo.

Tuanze na saruji yenyewe. Mwamba husagwa, huchanganywa na udongo wa mfinyanzi, kisha huingizwa kwenye tanuri. Tanuri hili ni bomba refu la chuma lililolazwa kwa mteremko mdogo, ndani limepangwa matofali ya kuhimili moto, nalo huzunguka polepole mchana na usiku. Mchanganyiko huingilia upande wa juu na kushuka taratibu kuelekea kwenye moto, mahali ambapo joto lake hufikia karibu digrii 1,450 za Selsiasi. Hapo hugeuka klinka, vigololi vigumu vya rangi ya kijivu iliyokoza, ambavyo vikipoa husagwa pamoja na jasi kidogo. Hiyo ndiyo saruji. Kati ya hatua moja na nyingine kuna mikanda ya kubebea mzigo, feni, pampu na mashine za kusagia, na kila moja ina mota yake.

Ugumu wa kuendesha mtambo kama huo haumo kwenye mota moja moja. Umo kwenye mpangilio. Fikiria mikanda mitatu iliyofuatana, wa kwanza ukimwaga mawe juu ya wa pili, na wa pili juu ya wa tatu. Ukiwasha wa kwanza huku wa tatu umelala, baada ya dakika chache kuna kilima cha mawe na mota iliyoungua. Kwa hiyo kuwasha huanzia mwisho wa safari ya mzigo na kurudi nyuma, na kuzima huanzia kwenye chanzo, mikanda ikiachwa izunguke hadi iwe mitupu. Kabla ya yote hulia king'ora, kwa sababu huenda fundi ameingiza mkono mahali. Kwenye tanuri mambo ni makali zaidi. Kabla ya kuwasha moto, feni hupuliza hewa ndani kwa muda uliowekwa ili kufukuza mvuke wa mafuta uliobaki, la sivyo cheche ya kwanza hulipua. Na tanuri lililosimama likiwa bado na moto haliachwi limetulia: uzito wake hulipinda, kwa hiyo mota ndogo ya akiba hulizungusha kidogo kidogo mpaka lipoe.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Geji inayoonyesha kwamba feni inazunguka sasa hivi haisemi kama imezunguka dakika za kutosha. Geji inayoonyesha kwamba tanuri limesimama haisemi kama limesimama kwa kuwa zamu imelipumzisha, au kwa kuwa stima imekatika katikati ya kazi. Ishara zote zinazosomeka wakati huu zinaweza kuwa sawa kabisa katika visa viwili ambavyo vinataka hatua tofauti kabisa. Mtambo unaoangalia sasa peke yake hauwezi kuvitofautisha. Lazima ukumbuke.

Mafundi wa umeme walikuwa wameupata mwanzo wa jibu bila kungoja mwanahesabu yeyote. Chukua mota moja yenye kitufe cha kijani na kitufe chekundu. Ukibonyeza cha kijani, umeme hupita kwenye koili ya kontakta, koili hugeuka sumaku, sumaku huvuta kipande cha chuma na kufunga njia ya umeme wa mota. Papo hapo hufungika pia mguso mdogo wa pembeni, ambao unapeleka umeme kwenye koili ile ile. Sasa ukiachilia kidole, kontakta inajishika yenyewe. Imekumbuka kwamba ulibonyeza. Ukigusa kitufe chekundu njia hukatika, sumaku huachia, na kumbukumbu inafutika. Uzuri wa mpango huu huonekana stima ikipotea kisha ikarudi: mota haijiwashi. Kontakta ilikwisha achia, na itangoja mtu aje kubonyeza tena kwa makusudi yake. Aliyebuni namna hii aliyaokoa maisha ya mafundi wengi sana, na mpaka leo karibu kila karakana yenye mota kubwa ina waya uliofungwa kwa namna hiyo.

Hiyo ni kumbukumbu ya jambo moja: ndiyo au hapana. Unganisha rilei 20, yaani swichi ndogo za sumaku zinazofanya kazi kama kontakta hiyo, na una kumbukumbu ya mambo 20, na hapo ndipo akili ya binadamu ilipoanza kuzidiwa. Tangu Almon Strowger wa Marekani alipopata hati ya ubunifu wa kiungio chake cha simu kinachojiendesha, mwaka 1891, vituo vya simu duniani vilijazwa swichi na rilei kwa maelfu, na waliozipanga walifanya hivyo kwa uzoefu, kwa kubahatisha, na kwa kukesha. Mwaka 1937 Claude Shannon, kijana wa miaka 21 katika chuo cha MIT, aliandika tasnifu iliyoonyesha kwamba saketi za rilei zinaweza kuandikwa kwa aljebra ya mantiki ambayo George Boole alikuwa ameichapisha katika karne ya 19. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini aljebra ya Boole yenyewe haina jana wala kesho. Inasema: ikiwa hiki na kile vimefungwa, taa itawaka. Haisemi taa iwake ikiwa hiki kilifungwa kabla ya kile.

Kuingiza jana katika hesabu kulichukua takriban miaka mingine 20, na waliofanya hivyo hawakuwa kundi moja. Warren McCulloch na Walter Pitts, waliokuwa wakiuchunguza ubongo, walichapisha mwaka 1943 mfano wa neva kama swichi zinazopokezana ishara. Katika mwaka 1951, ule ule ambao Mandl aliunda kampuni yake, mwanamantiki Stephen Kleene alikuwa katika taasisi ya RAND kule California akijiuliza ni matukio gani hasa ambayo mtandao kama huo unaweza kuyatambua. Mwaka 1954, ule ule ambao tanuri la Bamburi lilianza kazi, David Huffman wa MIT alichapisha njia kamili ya kubuni saketi za rilei zenye kumbukumbu, kuanzia maelezo ya mdomo hadi mchoro wa nyaya. Mwaka 1955 akafuata George Mealy wa maabara za Bell, na mwaka 1956 Edward Moore wa maabara hizo hizo. Sidai kwamba habari za Mombasa ziliwafikia, au zao zilifika Bamburi. Ninachosema ni kwamba kazi ya viwandani na nadharia vilikutana katika muongo mmoja, kwa sababu viwanda vilikuwa vimekua kupita uwezo wa fundi kushika kila kitu kichwani.

Wazo waliloafikiana nalo ni jepesi kuliko historia yake. Usijaribu kukumbuka kila kilichotokea tangu mwanzo. Kumbuka tu kile kinachobadilisha hatua ijayo. Mzee wa Lamu anayeketi kwenye bao lililokwisha anza hahitaji kusimuliwa kila kete ilitoka wapi. Akitazama mashimo 32, akajua kama wachezaji bado wananamua au wamefika mtaji, na zamu ni ya nani, ana kila anachohitaji ili acheze. Mpangilio ule ndio hali. Mchezo mrefu uliopita umefupishwa ndani yake. Idadi ya mipangilio inayowezekana ni kubwa, lakini ina mwisho. Mashine ya hali ni hiyo: idadi ya hali yenye kikomo, orodha ya ishara zinazoweza kuingia, na kanuni inayosema kwamba ukiwa katika hali hii ikaja ishara ile, nenda hali fulani.

Sasa tuishushe kwenye mikanda yetu mitatu, maana jambo hili halieleweki mpaka mtu aliweke kwenye karatasi. Ninachora duara sita, kila moja hali yake. Tuli: hakuna kinachozunguka. Onyo: king'ora kinalia. Kuwasha: mikanda inaanza mmoja baada ya mwingine kutoka mwisho. Kazi: mzigo unapita. Kumaliza: mzigo umekatwa kwenye chanzo, mikanda inaisha. Hitilafu: kila kitu kimesimama kwa ghafla. Kati ya duara hizi navuta mishale. Kitufe cha kuanza kinatupeleka kutoka Tuli hadi Onyo. Muda wa king'ora ukiisha, tunaingia Kuwasha. Mikanda yote mitatu ikithibitisha imefikia mwendo wake, tunaingia Kazi. Mmoja ukichelewa kupita muda uliowekwa, tunakwenda Hitilafu. Kitufe cha kusimamisha kinatupeleka Kumaliza, kisha Tuli. Na kutoka duara lolote, mtu akivuta ile kamba ya dharura iliyotandazwa kando ya mkanda, tunakwenda Hitilafu.

Tazama kitufe cha kuanza. Kikibonyezwa tukiwa Tuli, kinaamsha mtambo. Kikibonyezwa tukiwa Kazi, hakifanyi kitu. Kikibonyezwa tukiwa Hitilafu, hakipaswi kabisa kufanya kitu, hata kikibonyezwa mara kumi na msimamizi mwenye haraka: njia pekee ya kutoka Hitilafu ni fundi kwenda pale ilipovutwa kamba, kuangalia kwa macho yake, na kurudisha swichi kwa mkono wake. Kitufe ni kile kile. Maana yake inatoka kwenye hali. Mchoro wa duara sita umebeba sera nzima ya usalama wa mahali pa kazi, na unaweza kubandikwa ukutani mtu yeyote akauhoji, hata asiyejua umeme. Kwangu mimi hiyo ndiyo thamani yake kuu, kubwa kuliko urahisi wowote wa hesabu.

Mealy na Moore walitofautiana mahali padogo penye uzito. Katika mashine ya Moore, kinachotoka hutegemea hali peke yake: king'ora kinalia kwa sababu tuko Onyo, basi. Katika mashine ya Mealy, kinachotoka hutegemea hali pamoja na ishara inayoingia wakati huo huo. Ya Moore ni tulivu na rahisi kukagua. Ya Mealy hujibu upesi zaidi na mara nyingi huhitaji hali chache, ila mtikisiko wowote kwenye ishara inayoingia huonekana mara moja kwenye kinachotoka. Wabunifu hadi leo huchanganya zote mbili. Kamba ya dharura, kwa mfano, isingoje mashine ihamie Hitilafu ndipo mota zikatwe. Ikate mara moja, na kwa mtambo wa hatari ikate waya wenyewe bila kupitia mantiki yoyote. Mbunifu anayeiachia programu peke yake kazi hiyo anacheza na mikono ya watu.

Huffman alikuwa na shida nyingine mezani. Rilei mbili zinazotakiwa kubadilika pamoja hazibadiliki pamoja. Moja hutangulia kwa sehemu ndogo ya sekunde, na katika kipindi hicho kifupi saketi inajikuta katika hali ambayo hakuna aliyeikusudia, pengine ikang'ang'ania huko. Fundi anaona mtambo unaogoma siku moja na kukubali siku ya pili, bila sababu. Tiba moja ni kupanga alama za hali ili kila mshale ubadilishe rilei moja tu. Tiba nyingine, ambayo ndiyo iliyokuja kutawala, ni kuweka saa ndani ya saketi: ishara zibadilike zinavyotaka, lakini hali ihame tu saa inapogonga, baada ya kila kitu kutulia.

Saa ilihitaji kumbukumbu inayotii kwa haraka, na hiyo ilikuwa imepatikana mapema. Mwaka 1918 Waingereza William Eccles na Frank Jordan waliomba hati ya saketi ya vali mbili za elektroniki zilizofungana kiasi kwamba moja ikiwaka nyingine huzima, na hubaki hivyo mpaka isukumwe. Ni ndugu wa kontakta inayojishika, lakini haina chuma kinachosogea. Tukaja kuiita flipflopu. Transista ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Texas Instruments ilikuwa ikiuza chipu za familia ya 7400, flipflopu mbili ndani ya kidude kisichozidi sana ukucha kwa ukubwa. Flipflopu 3 zinatoa michanganyiko 8, zinatosha kubeba hali zetu 6 za mikanda. Na hapo ndipo mwanafunzi mzuri hutofautiana na mvivu. Michanganyiko 2 imebaki bila jina. Mvivu huiacha, kwa hoja kwamba mashine haitafika huko kamwe. Lakini radi ikipiga karibu, au mota kubwa ikiwashwa na kutikisa umeme, flipflopu moja inaweza kupinduka, na mashine ikajikuta pasipo na mshale wa kutokea. Mbunifu mwenye dhamira huchora mishale kutoka michanganyiko hiyo miwili pia, na yote huielekeza Hitilafu.

Huku kwetu elimu ya kazi hizi ilikuwa inaanza. Mwaka 1951, mwaka unaojirudia katika habari hii, wanafunzi wa kwanza waliingia Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupi chake MIOME, pale Tudor. Fedha zilitoka kwa Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jumuiya ya Mabohora na serikali ya kikoloni, na lengo lilikuwa kuwapa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, uhandisi wa umeme ukiwamo. Mwaka 1966 iligeuzwa kuwa chuo cha ufundi cha wote, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 ikapata hadhi ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Viwanda vilipokuwa vikiongezeka upande wa bara, Changamwe kukifunguliwa kiwanda cha kusafisha mafuta mwaka 1963, fundi aliyeweza kusoma mchoro wa rilei alikuwa na kazi ya maisha.

Kisha likaja jambo lililobadilisha kazi yake bila kumfukuza. Mwaka 1968, kitengo cha Hydramatic cha General Motors kule Marekani kilitangaza kwamba kinataka kifaa cha elektroniki cha kuchukua nafasi ya makabati ya rilei. Sababu ilikuwa ya kifedha: kila mara aina ya gari ilipobadilika, makabati yaling'olewa na kufungwa nyaya upya. Dick Morley na wenzake wa kampuni ndogo ya Bedford Associates walitengeneza kidhibiti walichokiita Modicon 084, kwa kuwa ulikuwa mradi wao wa 84. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu na programu, hakuna rilei za mantiki. Lakini programu hiyo iliandikwa kwa mchoro wa ngazi, ule ule ambao mafundi wa umeme walikuwa wakiuchora kwa miongo: miguso kushoto, koili kulia, kila mstari kidato chake. Nauhesabu uamuzi huo kuwa wa hekima kubwa kuliko kifaa chenyewe. Wangeweza kumlazimisha fundi ajifunze lugha ya kompyuta. Wao wakaifanya kompyuta isome lugha ya fundi. Ndiyo maana PLC, kama vifaa hivyo vinavyoitwa hata huku, zilienea viwandani bila kuwatupa nje waliojua mtambo.

Mchoro wa ngazi una udhaifu wake. Hali imetawanyika katika vidato, na kwa mtambo wenye vidato 500 hakuna anayeweza kusema kwa hakika mashine iko wapi. Wafaransa waliutafutia dawa mwaka 1977 kwa mchoro ulioitwa Grafcet, ambao ulirudisha hatua na mishale juu ya karatasi, wazi wazi. Mwaka 1993 namna hiyo ya kuchora ikaingia katika kiwango cha kimataifa cha lugha za PLC, kando ya ngazi. Duara na mishale ya miaka ya 1950 vikawa vimerudi kiwandani kupitia mlango mwingine.

Haki inataka nitaje pia mahali mashine ya hali inapofika kikomo, na mahali penyewe ni ndani ya tanuri la saruji. Kuwasha, kuzima na kuzuia ajali ni kazi ya hali. Kupika klinka vizuri si kazi yake. Rangi ya moto, mzunguko wa tanuri, vumbi na hewa, vyote hubadilika kwa mtelezo, havirukiruki kutoka duara moja hadi jingine. Kwa miongo mingi mpishi wa tanuri alichungulia moto kupitia kioo cheusi na kuamua kwa jicho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya F.L. Smidth ya Denmark, mjenzi mkubwa wa mitambo ya saruji duniani, ilifaulu kuendesha tanuri kwa kompyuta iliyofuata kanuni za wapishi hao, zenye maneno kama "joto kidogo" na "joto mno". Hata hivyo mfumo ule ulifanya kazi tu pale tanuri lilipokuwa limekwisha fika katika hali ya Kazi. Aliyelifikisha hapo salama alikuwa yule yule mwenye duara na mishale.

Vifaa havikuacha kubadilika. Mwaka 1985 kampuni ya Xilinx ilitoa chipu yenye vitalu 64 vya mantiki ambavyo mnunuzi angeweza kuvifunga apendavyo mezani kwake, na leo mwanafunzi wa Tudor mwenye bodi ndogo ya saketi ya bei ya simu ya kawaida anaweza kuchoma ndani yake mashine yenye mamia ya hali. Menyu ya M-Pesa, tangu Machi 2007, ni hali zinazofuatana: weka namba, weka kiasi, weka neno la siri, thibitisha, ukikawia, unarudishwa mwanzo. Mita ya tokeni ukutani nayo ni hivyo hivyo. Kiwanda cha Bamburi kilipita mikononi mwa Lafarge, na mwishoni mwa 2024 kikachukuliwa na kundi la Amsons kutoka Tanzania. Rilei, transista, chipu, PLC: kwa miaka 70 kifaa kimebadilika mara tatu, na mchoro wa Huffman, Mealy na Moore haujabadilika hata mara moja.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa walimu wa vyuo vya ufundi vya Pwani: msimruhusu mwanafunzi aguse kompyuta kabla hajachora hali zote kwa kalamu, akaonyesha kila mshale, na akaeleza michanganyiko isiyotumika inakwenda wapi. La pili ni kwa wenye viwanda kuanzia Bamburi hadi Changamwe na Likoni. Popote palipobaki kabati la zamani la rilei, lisiuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Likabidhini kwa karakana ya chuo pamoja na michoro yake, na mtafuteni fundi aliyelifunga au kulitengeneza akiwa bado hai, aje awaonyeshe vijana jinsi linavyofikiri.